Daraja limetunyang'anya kivuko: jinsi ya kufanya kazi za misaada kanda ya ziwa bila kuisha kabisa

Kama unafanya kazi za misaada huku kwetu, pembeni ya Ziwa Victoria, utanielewa haraka. Zamani ukitoka fildi Geita au Kagera au kule kambi za wakimbizi Kigoma, ukifika Busisi, kabla ya kuvuka maji kwenda Mwanza, gari inasimama, mnasubiri kivuko, saa nzima, siku nyingine masaa mawili, mnalalamika weee, mnanunua karanga na mahindi ya kuchoma, mnakaa tu mnaangalia maji. Mkishavuka Kigongo na kuingia Mwanza kichwa kimeshapoa. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu na kitu, unapita kwa dakika chache, na mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia maana nimewahi kukaa pale usiku na mgonjwa kwenye gari na yale masaa siyasahau. Ila miezi michache baadae mume wangu akaniambia hivi, "siku hizi unafika nyumbani lakini bado uko fildi". Nikabisha. Alafu nikakaa nikafikiria, nikaona ana haki. Kumbe yale masaa ya kukaa bure ndo yalikuwa yananiponya, na hakuna mtu aliyewahi kuyaandika kwenye bajeti ya mradi wowote.

Kwahiyo ninachoandika hapa ni jinsi ya kujitengenezea kivuko chako mwenyewe na vitu vingine vinavyoendana na hicho. Mimi sio daktari, ni mtu wa mradi tu, nimefanya hizi kazi miaka kadhaa, visiwani na kambini, na nilishawahi kuisha kabisa nikaokotwa. Kitu nilichojifunza ni kwamba mambo ya kupumzika inabidi uyaamue ukiwa bado na akili zako, maana ukishachoka ile mbaya hata kuamua ule nini unashindwa.

Tuelewane kwanza huu uchovu wa kuisha kabisa ni upi. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 waliuweka kwenye orodha yao ya kimataifa ya magonjwa lakini wakasema wazi kwamba wenyewe sio ugonjwa, ni hali inayoletwa na stresi ya kazi ya muda mrefu ambayo haijashughulikiwa. Wakataja mambo matatu, kuishiwa nguvu, kuiona kazi iko mbali na wewe mpaka unaanza kuikejeli, na kuona huna unachokifanya cha maana. Wengi tunalijua la kwanza tu, tunasema ntalala Jumapili ntakuwa sawa. La pili ndo la hatari kwenye kazi zetu kwasababu halikuumizi wewe, linamuumiza mtu aliyepanga foleni mbele yako.

Hatua ya kwanza: zijue dalili zako wewe, sio za kwenye semina

Ngoja nisimulie, na sio sifa. Tulikuwa mwalo mmoja, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, huko visiwani siku ya kugawa vitu, siku ya tisa mfululizo bila kupumzika. Mama mmoja akafika mezani na kadi imelowa, wino umesambaa, namba haisomeki, mtoto mgongoni. Nikamwambia mama kadi hii siwezi kuipokea, rudi kwa mwenyekiti. Akasema mwenyekiti ndo kanituma kwako. Nikampandishia sauti, "kwahiyo mimi ndo nimeilowesha?" Foleni nzima ikanyamaza. Yule mama hakujibu kitu, akaifunga kadi yake kwenye pindo la kanga, akakaza fundo taratibu, akaondoka.

Jioni dereva wetu, mzee mmoja mpole sana tunamuita Babu, akaniambia huku anafuta kioo wala haniangalii, "Dada, leo umemjibu yule mama kama konda wa stendi. Kavuka na mtumbwi yule, kadi imelowa ziwani." Sasa kilichonitisha sio kwamba nilikosea, watu tunakosea. Kilichonitisha ni kwamba Babu anaongea na mimi sioni aibu hata kidogo, nawaza tu ripoti. (Kesho yake tulimtafuta yule mama tukamkuta, kadi ikaandikwa upya, ila hilo halinifutii.)

Basi fanya hivi. Chukua daftari lako la fildi, fungua ukurasa wa mwisho kabisa, andika vitu vitano vinavyobadilika kwako ukianza kuchoka. Alafu usijiamini, nenda kaulize watu wawili, anayeishi na wewe na anayesafiri na wewe. Madereva wanajua sana haya mambo, wanatuona tukiwa tumelala midomo wazi na tukiwa tunagombana kwenye simu. Kwangu mimi orodha ni hii: naacha kusalimia walinzi, nakula biskuti badala ya chakula, nasoma meseji moja mara tatu siielewi, nawaita wanufaika "hawa watu", na nikifika nyumbani kelele za watoto zinaniuma masikio kabisa. Ya kwako itakuwa tofauti, kuna mwenzangu yeye anaanza kucheka sana, utani kila saa, ukimuona hivyo ujue yuko vibaya. Chini ya orodha andika: nikiona tatu kati ya hizi kwa wiki nzima, nampigia fulani. Andika jina la huyo fulani, na yeye umwambie kabisa kwamba umemuandika.

Hatua ya pili: panga kabla gari haijawashwa

Mpango wa safari zetu una kila kitu, mafuta, posho, ukumbi, maji ya chupa, ila mstari wa kupumzika haupo. Uweke wewe. Safari ikizidi siku sita andika siku moja katikati haina shughuli, iite siku ya kupanga data ukitaka, mabosi wanaipitisha haraka zaidi wakiona neno data. Najua ni ujanja lakini ndo hali ilivyo.

Alafu soma sheria, sio kwa ajili ya kugombana na mtu, ni ili ujue unachoomba sio hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki na yasizidi 9 kwa siku, masaa ya ziada yasizidi 50 ndani ya wiki nne na yanalipwa mara moja na nusu, kila wiki unatakiwa upate angalau masaa 24 ya kupumzika mfululizo, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ukiumwa kuna siku 126 ndani ya kila miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Baadhi ya mameneja wanaosimamia wenzao hii ya masaa haiwagusi, na volontia asiye na mkataba wa ajira ndo maskini kabisa, hana hata pa kushika, na ukiangalia vizuri ndo yeye analala kijijini na ndo anayegongewa mlango saa nane usiku. Kama wewe ndo unaandika bajeti, mkumbuke huyo kwanza.

Hatua ya tatu: ukiwa fildi linda usingizi, mengine yatajipa

Hapa sitarefusha. Lala. Beba neti yako, beba shuka yako, na viziba masikio kama mnalala gesti karibu na baa, na visiwani gesti zote ziko karibu na baa. Kula chakula cha moto mara moja kwa siku hata kama ni ugali wa muhogo na dagaa kwa mama ntilie, ukae chini, sio unakula umesimama mlangoni mwa gari. Chai na soda za kuongeza nguvu mwisho saa kumi jioni. Bia za kila usiku za kusindikiza usingizi ni mtego, unalala haraka lakini saa tisa uko macho unahesabu mabati. Na tafadhali usijipoze kwa kuogelea pale mwaloni, kichocho cha ziwa hiki hakina huruma, utamaliza uchovu uanze matibabu.

Simu, saa tatu usiku inawekwa mbali. Grupu la wasapu la mradi liweke kimya, kama kuna dharura ya kweli watapiga, hakuna mtu aliyewahi kutangaza mafuriko kwa kutuma stika.

Hatua ya nne: punguza ahadi

Hii ndo nataka tukae nayo kidogo kwasababu semina nyingi zinairuka. Wanatufundisha kuvuta pumzi, kunyoosha shingo, sawa, vinasaidia. Lakini niulize mimi na wenzangu kitu gani kilichotumaliza, sio mizigo wala barabara mbovu. Ni kumuandikisha mtu, kumuuliza maswali arobaini, una watoto wangapi, mnakula mara ngapi, choo mnacho, alafu hakuna kitu kinachokuja. Unarudi miezi minne baadae na dodoso lingine na anakukumbuka jina. Ile kuitwa jina ndo inakula watu.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje hili lilitukuta wengi kwa mkupuo. Wiki moja mtu ana miadi na wagonjwa wake kijijini, wiki inayofuata kaambiwa asitishe kila kitu. Kuna waliopoteza ajira, na sisi tuliobaki tukarithi kazi za watu wawili watatu pamoja na simu zao, kwa maana ya kwamba wanufaika wa wenzetu walianza kutupigia sisi. Mimi kuna mama wa visiwani alikuwa ananipigia kila Jumatatu saa mbili asubuhi kuuliza yule kijana aliyekuwa anawaletea dawa atarudi lini, na sikuwa na jibu, ikafika mahali Jumapili jioni naanza kuumwa tumbo.

Nilichofanya mwishowe, na nakushauri uanze nacho mapema, ni daftari la ahadi. Ukurasa mmoja, mistari mitatu: nimemuahidi nani, nini, mwenye uwezo wa kukitimiza ni nani. Kila Ijumaa unaupitia. Utashangaa nusu ya ahadi zako mwenye uwezo wa kuzitimiza sio wewe, na ulikuwa unazibeba usiku kama zako. Hizo unazirudisha. Unampigia mtu unamwambia "mama, nilikwambia ntafuatilia, nimefuatilia, jibu ni hapana, sio kosa lako wala huna ulichokosea kwenye fomu, kwa hili sasa nenda kwa mtendaji". Simu hiyo inauma dakika tano. Usipopiga itakuuma mwaka. Yule mama wa Jumatatu nilimpigia, nikamwelekeza kituo cha afya kilichokuwa bado kinatoa dawa zake, akaniambia "haya mwanangu, si ungesema mapema nisingekuwa nakusumbua". Yani yeye ndo alikuwa ananihurumia mimi.

Na kuanzia hapo neno "tutaangalia" nimeliacha. Useme ndio, hapana, au sijui na ntakwambia siku fulani.

Hatua ya tano: siku ya balaa lenyewe

Kuna siku ambazo hakuna mpango unaozitosha. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi mchana, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya kule kisiwa cha Ukara, watu 228 wakafa. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na wanakijiji na vijana wa kujitolea, watu ambao hakuna aliyewaandaa, wakawa wanatoa miili ya watu wanaowafahamu. Wakubwa zetu hapa Mwanza wengine wanayo ile meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, wakipita makaburi ya Igoma walikozikwa watu wake mpaka leo wananyamaza kwenye gari.

Ukiwa umepitia siku ya namna hiyo, au mwenzako kapitia, kosa la kwanza ni kuwakusanya watu wote kesho yake chumba kimoja na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichokiona. Zamani ilifanyika sana, miongozo ya WHO haishauri tena hivyo, haizuii mtu kuumia baadae na wengine inawaongezea. Kinachotumika sasa hivi ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo haihitaji digrii, kuna maneno matatu tu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani anatetemeka, nani hajala, nani kapotea machoni. Sikiliza anayetaka kuongea, asiyetaka mwache, kaa tu pembeni yake. Unganisha na anachohitaji saa hiyo, chai, nguo kavu, simu ya kumpigia mke wake, usafiri wa kwenda nyumbani.

Wiki za mwanzo kuota, kushtuka, kukosa hamu ya kula, ni kawaida na kwa wengi zinapungua zenyewe. Mtu wa kwetu hapa akikwambia hawezi kula samaki usimcheke wala usimlazimishe, eti Mwanza unakataaje sato. Mpe maharage.

Hatua ya sita: tafuta kivuko

Sasa turudi Busisi. Kati ya fildi na nyumbani weka kipande cha muda ambacho sio cha ofisi na sio cha familia, na kiwe kilekile kila safari ili mwili ukizoee. Cha kwangu kiko hivi. Tukiingia mjini gari inanishusha barabarani mbele ya nyumbani, siingii. Natembea taratibu mpaka kwa mzee mmoja muuza kahawa chini ya jiwe kubwa, nakaa kwenye benchi na begi langu, nakunywa vikombe viwili na kashata, nasikiliza wazee wanabishana mpira. Hawaniulizi kitu. Buti zangu za fildi nazivulia palepale, navaa kandambili. Dakika arobaini. Mwanzoni niliona kama nawaibia watoto muda, ila siku ya kwanza niliyofanya hivyo mwanangu mdogo alinirukia na sikumwambia "subiri mama kachoka".

Wanaotoka Ukerewe wana bahati, meli ya kutoka Nansio bado inawapa masaa yao matatu ya maji. Ila uitumie, usifungue laptopu humo, nawaona.

Kama mumeo au mkeo hajui unachofanya atadhani una mtu pembeni, kwahiyo mwambie mapema. Mimi wa kwangu alicheka akasema sawa, ila kahawa isivuke saa moja usiku.

Hatua ya saba: ndugu

Fupi tu. Kwa ndugu mtu wa NGO ni mtu wa dola, na huwezi kuwaelewesha kwamba mkataba wako ni wa miezi sita na unaisha mwezi ujao. Tenga kiasi kila mwezi cha kusaidia, kikiisha kimeisha, jibu liwe "mwezi huu nimemaliza, mwezi ujao tuone". Maana mtu anayesaidia kutwa kazini akirudi anaanza zamu nyingine kwenye simu, hapumziki kamwe. Michango ya harusi sijui niseme nini, hilo limenishinda mwenyewe.

Hatua ya nane: kama wewe ndo bosi

Watu hawafuati unachosema, wanafuata unachofanya. Ukituma meseji saa tano usiku na kuandika "sio haraka, kesho tu", umeshamwamsha. Toka likizo na usijibu baruapepe, wataamini likizo ipo. Usimpeleke mtu huyohuyo kila mara kwa kuwa "yeye ni mzoefu", huyo mzoefu ndo anayeisha. Na kila tarehe 19 Agosti, siku ya watoa misaada duniani, ambayo chimbuko lake ni wale watu 22 waliouawa kwenye ofisi ya Umoja wa Mataifa Baghdad mwaka 2003, sisi tunashona tisheti tunapiga picha tunakata keki. Sawa. Ila mwaka huu tumia nusu saa ya hiyo siku kukaa na mmojammoja umuulize likizo yake ya mwisho ilikuwa lini, na tarehe mnayokubaliana iandike hapohapo mbele yake.

Hatua ya tisa: inapozidi

Kuna mahali kahawa na daftari haviwezi. Wiki mbili mfululizo hulali au unalala tu muda wote, hufurahii chochote hata ulichokuwa unapenda, unakunywa asubuhi, picha za tukio zinakurudia kama liko mbele yako mwezi mzima baadae, au unaanza kuwaza bora ufe. Hilo la mwisho usisubiri hata kesho, mwambie mtu leo na muende hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo. Hapa Mwanza Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na ukiwa wilayani anzia hospitali ya wilaya, waeleze wazi, usiseme "kichwa kinauma" ukapewa panado ukarudi. Sema: silali, nalia, nimefanya kazi hii, imeanza tarehe fulani. Mimi nilipoenda nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kwasababu nilijua mdomo utanigoma, nikampa daktari akasoma mwenyewe, na hakushangaa hata kidogo.

Na kama anayezidiwa ni mwenzako, hayo maneno ya "ukihitaji chochote niambie" hayasaidii, hatakwambia. Mwambie "Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nakupitia, shika kadi yako ya bima, tunapanda Bugando wote". Umpitie kweli, na mkifika ukae nae kwenye benchi mpaka aitwe, maana kile kilima cha Bugando mtu akiwa peke yake huwa anageuzia njiani.